Moyo wa Fundi Saa

Tarehe 2 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza shule. Kwa umri huu! Wenzangu niliosoma nao wanazungumzia kustaafu na kufuga kuku. Mimi nimepewa mwalimu, kiti kifupi, na amri ya kuandika kila siku nilichokiona. Sikuambiwa nisiandike mengine, kwa hiyo nitayaandika.

Kazi yangu ni kuwalaza watu usingizi wa upasuaji na, jambo ambalo wagonjwa wengi husahau kuuliza, kuwaamsha. Kwa miaka mingi nimeifanya nikiitazama mistari ya rangi kwenye skrini: huu wa presha, huu wa pumzi, huu wa mapigo. Sasa hospitali yetu imeanza kupandikiza maini, na mkuu wetu anasema mistari haitoshi. Kwenye upasuaji wa ini moyo huyumbishwa huku na huku, kwa hiyo anataka tuuone wenyewe. Mpira mwembamba wenye jicho la mawimbi ya sauti kwenye ncha yake unapitishwa mdomoni kwa mgonjwa aliyelala, unashuka kwenye umio, unatulia nyuma ya moyo, nasi tunauona ukipiga.

Mwalimu wangu ni daktari wa picha za moyo. Ni mwanamke mwembamba, sauti yake ya upole, macho yake hayasamehe. Jengo zima linamwita Bi Picha. Leo alinionyesha picha yangu ya kwanza.

“Hiki ni chumba gani?”

“Cha kulia.”

“Hicho ni cha kushoto, kaka.”

“Kushoto kwangu au kwake?”

“Kwa mwenye moyo. Wewe hapa ni mgeni.”

Tatizo ni kwamba tunauchungulia kutoka nyuma, kwa hiyo cha nyuma kinakaa juu na cha kushoto kinakaa kulia. Mchana kutwa nimekuwa kama mtu anayeegesha gari kwa kutazama kioo.

Tarehe 3 Machi

Mvua. Nimekosea kushoto na kulia tena. Nyumbani nimevaa ndala kinyume, mke wangu akasema anashukuru kosa hilo halihitaji chupa ya damu.

Tarehe 7 Machi

Nimekutana na mgonjwa wetu wa msimu huu. Ni fundi saa. Ini lake limeharibika kabisa. Macho yamekuwa ya njano, tumbo limejaa maji, na mikono inapigapiga hewani kama mbawa akiinyoosha. Kwa fundi saa hiyo ni balaa. Aliniambia ana saa ya mteja mmoja mezani kwake, imefunguliwa tangu mwaka jana, na hathubutu kugusa hata skrubu.

Nilimweleza kuhusu mpira wenye jicho. Alinisikiliza kwa makini mno, kama mtu anayekagua vifaa vya fundi mwenzake.

“Kwa hiyo mtaufungua mfuniko na kutazama mashine ikizunguka?”

“Bila kuufungua.”

“Hapo mmetuzidi,” akasema.

Ini litatoka kwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye anaoka mikate. Anatoa kipande, na kilichobaki kitakua tena. Jamaa mwenyewe alikuwepo, mtu wa haja, anajaza mlango.

“Daktari, huyu bwana unamwona hivi hivi,” akaniambia. “Kwanza alimchukua dada yangu. Nikanyamaza. Sasa anataka ini. Nikinyamaza tena ataniachia nini?”

“Nitakuachia dada yako,” fundi akajibu, sauti yake ndogo kama karatasi. “Na malalamiko yake yote.”

Mkewe alikuwa anakunja shuka pembeni. Hakucheka. Nilipotoka alinifuata hadi kwenye ngazi.

“Daktari, mnawaingiza wote wawili siku moja.”

“Ndiyo, dada. Vyumba viwili, ukuta mmoja katikati.”

“Sina mtu mwingine. Sina hata wa kukaa naye siku hiyo nikiwasubiri, maana watu wangu wa kukaa nao ndio hao hao.”

Nilikuwa na maneno yangu ya siku zote ya kuwatuliza watu. Nimeyatumia miaka mingi na yanafanya kazi vizuri. Leo niliyaacha, nikashuka naye ngazi hadi chini.

Tarehe 10 Machi

Habari mbaya, na ya kuchekesha kwa mtu asiyehusika. Ini la mwoka mikate lina mafuta mengi. Haliwezi kugawanywa namna hiyo. Apungue mwili kwanza. Mwoka mikate amekatazwa mikate.

Tarehe 14 Machi

Mvua. Kushoto na kulia, leo nimepata zote.

Tarehe 19 Machi

Leo nimesimamisha upasuaji kwa ushujaa mkubwa.

Ilikuwa operesheni ya mama mmoja mwenye uvimbe kwenye ini, na mimi nilikuwa nafanya mazoezi ya picha. Daktari mpasuaji wetu tunamwita Redio kwa sababu hazimwi. Tangu ashike kisu hadi afunge uzi wa mwisho atakueleza kuhusu mpira wa miguu, bei ya saruji, ndoto aliyoota, na mguu wa mama mkwe wake. Nimefanya naye kazi miaka mingi na nilikuwa nikimwona mtu wa kelele tu. Basi, leo akiwa katikati ya habari za saruji, nikaona kwenye skrini kitu cheupe, kirefu, kinachezacheza ndani ya chumba cha kulia cha moyo.

“Bonge!” nikapiga kelele. “Bonge la damu moyoni! Simama!”

Redio akasimama. Akanyamaza. Chumba kizima kikasikia mashine ya pumzi. Nikaamuru dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda iletwe mlangoni, nikaamuru Bi Picha aitwe, na nadhani niliamuru na mengine. Bi Picha akaja mbio, barakoa upande. Akaitazama picha kama anavyoitazama siku zote, bila kupepesa.

“Kaka, asubuhi ulimwekea mama huyu mrija kwenye mshipa wa shingo?”

“Ndiyo. Umeingia vizuri sana.”

“Vizuri kweli. Ncha yake ndiyo hii.”

Muuguzi wangu wa usingizi, binti mwenye adabu zake, aligeuka ukutani na mabega yakamtikisika. Redio alirudi hewani kwa sauti ya juu kuliko mwanzo.

Tarehe 20 Machi

“Habari za asubuhi, Bonge.” Huyo alikuwa mlinzi wa geti.

Tarehe 21 Machi

Nilikwenda kwa Bi Picha kuomba anirudishe kwenye mistari yangu ya rangi. Mvua ilikuwa inapiga bati hadi tukawa tunaongea kama watu waliogombana.

“Uliona nini juzi?” akauliza.

“Bonge.”

“Hapana. Uliona nini?”

“Kitu cheupe, kirefu, kinachezacheza.”

“Sawa kabisa. Uliona vizuri. Kosa lako ni kukipa jina kabla hujamaliza kukitazama. Siku nyingine niambie unachokiona tu. Jina litakuja lenyewe.”

Akanimiminia chai kutoka kwenye chupa yake. Nilikuwa nimemwandika hapa kama mwanamke mwenye macho yasiyosamehe. Nayafuta hayo. Yanasamehe, ila hayaharakishi.

Tarehe 27 Machi

Mwoka mikate anatembea kila siku kwenye mvua kuzunguka uwanja wa hospitali, amevaa mfuko wa plastiki kichwani. Wagonjwa wanampigia makofi madirishani. Leo alinisimamisha.

“Daktari, unajua mateso ya kuamka alfajiri, kuoka mikate mia, halafu kula tango?”

“Sijui.”

“Usijue. Naota siagi.” Akafuta uso. “Lakini mwambie shemeji nimepungua. Ukimwambia wewe ataamini. Mimi ananiambia nimevaa tu suruali pana.”

Tarehe 2 Aprili

Fundi amezidiwa. Sumu ambayo ini lilipaswa kuiondoa imepanda kichwani. Leo alimwambia mkewe, kwa heshima sana, “Shikamoo, mama,” akamwuliza kama saa yake imetengenezwa. Mkewe akamjibu, “Marahaba. Ipo tayari kesho.” Kisha akatoka nje akasimama chini ya michirizi ya paa hadi nguo zikalowa.

Wakati huohuo mwoka mikate bado ana mafuta. Wanapungua wote wawili, mmoja kwa kutaka, mwingine kwa kutotaka, na hatujui nani atafika kwanza.

Tarehe 3 Aprili

Fundi amemtambua mkewe. Mvua nyepesi.

Tarehe 9 Aprili

Mtaalamu wa kamera ya tumbo amepitia umio wa fundi. Wagonjwa wa ini huota mishipa iliyovimba humo, na mpira wetu ukiikwaruza tunaweza kusababisha mafuriko ya damu. Kulikuwa na miwili ya kutia shaka. Ameifunga kwa vipete vya mpira. Ameniambia nipite polepole na nisirudie rudie. Nikamwambia mimi ni mtu wa polepole kwa asili, mwulize mke wangu jinsi ninavyorekebisha bomba la jikoni.

Tarehe 15 Aprili

Ini la mwoka mikate limekubaliwa! Redio aliitangaza habari hiyo kwenye korido kama matokeo ya fainali. Mwoka mikate alikaa kwenye benchi akalia, kisha akauliza kama sasa anaruhusiwa kipande kimoja. Kidogo. Cha pembeni. Hapana, akaambiwa.

Tarehe 22 Aprili

Kesho. Mke wangu ameninyooshea shati ingawa anajua nitalivua mlangoni na kuvaa nguo za kijani. Sikumkumbusha.

Tarehe 23 Aprili

Naandika nikiwa nimekaa jikoni na miguu kwenye beseni la maji ya moto. Nitajaribu kufuata utaratibu.

Asubuhi tulimwingiza mwoka mikate chumba cha kwanza, akiwa na mpasuaji mwingine na mwenzangu mwingine wa usingizi. Fundi alikuja kwangu. Kabla sijamlaza alinishika kidole.

“Ukiuona huo moyo,” akasema, “usiushangae. Umechakaa.”

“Nimeona vilivyochakaa zaidi. Vaa barakoa hii, uvute pumzi.”

Mpira wenye jicho ulipita bila tone la damu. Moyo ulijitokeza, nikautazama kama Bi Picha: vyumba vinne, milango yake, kuta zake. Haukuwa umechakaa. Ulikuwa moyo mzuri, wenye ukuta mnene kidogo upande wa kushoto, jambo ambalo nilimwambia muuguzi bila kulipa jina. Bi Picha alisimama nyuma yangu tangu mwanzo.

Redio alifanya kazi huku akitusimulia kuhusu mbuzi wa jirani yake. Ini la zamani lilikuwa gumu kama jiwe la kuogea. Walipobana mishipa mikubwa na kulitoa, fundi akabaki na nafasi tupu pale. Kipindi hicho mtu hana ini, la zamani wala jipya. Hilo jipya limo kwenye beseni la barafu, na yeye anaishi kwa dawa zetu na kwa moyo wake. Moyo ulipiga. Niliutazama muda huo wote, sikuweza kutazama kingine.

Hapo simu ikaja. Jengo la wazazi lilikuwa na mama mwenye vali mbovu ya moyo, amebanwa pumzi katikati ya uchungu. Bi Picha alinitazama.

“Nenda,” nikasema. Nilitamka kwa sauti ya mtu jasiri. Sijui niliiazima kwa nani.

“Niambie unachokiona tu,” akasema, akaondoka.

Redio alishona mishipa ya kipande cha shemeji, akasema, “Bonge, nafungua,” akaachia vibanio. Damu ikaingia kwenye ini jipya, ini likageuka kutoka rangi ya udongo mkavu likawa jekundu, na kila mtu akapumua. Huo ndio wakati tunaouogopa kuliko wote, maana damu ya baridi na takataka za ini lililokaa kwenye barafu huukimbilia moyo. Presha ikaanguka. Nilitarajia hivyo. Nikampa adrenalini kidogo, dawa ya kuukimbiza moyo.

Ikaanguka zaidi.

Nikaongeza. Mkono wangu umefanya hivyo miaka yote: presha ikishuka, adrenalini, ikigoma, adrenalini nyingine. Mstari mwekundu wa presha ukazidi kwenda chini. Redio alikuwa ameacha habari za mbuzi.

“Presha, Bonge.”

“Naiona.”

“Mpe!”

Muuguzi alikuwa ameshaninyooshea sindano nyingine, imejazwa. Niliishika. Kisha nikageuza macho kutoka kwenye mstari nikaitazama picha.

Nilitegemea kuona moyo uliochoka. Haukuwa umechoka hata kidogo. Chumba cha kushoto kilikuwa kitupu, kidogo kama ngumi ya mtoto, na kilikuwa kinajikamua kwa nguvu za ajabu, kuta zinagusana. Na kila kilipojikamua, ulimi wa vali ulivutwa ukaingia kwenye mlango wa kutokea damu. Ukaziba. Moyo ulikuwa unajitahidi hadi unajifungia mlango wenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa nauchapa bakora.

“Sitampa,” nikasema.

Redio aliinua kichwa. Juu ya barakoa nilimwona macho tu.

“Bonge. Ni bonge?”

“Sikupi jina. Nakupa ninachokiona. Chumba ni kitupu. Kinajikamua kupita kiasi. Ulimi wa vali unaziba mlango. Nikiongeza adrenalini utaziba kabisa.”

“Kwa hiyo unataka kufanya nini?”

“Kuacha.”

“Na presha hiyo? Unaacha?”

“Naacha adrenalini. Nampa damu aijaze. Nampa dawa ya kubana mishipa bila kuukimbiza moyo. Na wewe toa mkono wako hapo kwenye mshipa wa kurudisha damu, umeulalia.”

Kumbuka kwamba mtu huyu alisimamishwa na mimi mwezi uliopita kwa ajili ya mrija nilioweka mwenyewe. Ana haki zote za kunitukana. Alitazama skrini asiyoijua kuisoma. Alitazama mstari mwekundu anaoujua. Kisha akainua mikono yote miwili kutoka tumboni mwa fundi, akairudisha kifuani mwake, na akasimama.

“Haya,” akasema. “Nimetoa.”

Nikasukuma damu kwa mkono, mfuko baada ya mfuko, muuguzi akibana upande mwingine. Presha haikupanda. Nilijua haitapanda papo hapo. Nilimkumbuka yule dada kwenye ngazi, na kile alichoniambia, na ukuta mmoja katikati. Vidole vyangu vikaisogelea ile sindano ya adrenalini. Muuguzi, binti mwenye adabu zake, aliisogeza mbali bila kunitazama.

Kisha chumba cha kushoto kikaanza kujaa. Kilipanuka kidogo, kikajikamua bila pupa, na ulimi wa vali ukabaki kwake. Mlango ukafunguka. Mstari mwekundu ukainuka taratibu, kama mzee anayenyanyuka kwenye kiti.

Mwishowe Redio akakohoa.

“Sasa yule mbuzi,” akasema, “akaingia hadi sebuleni.”

Sijawahi kusikiliza habari za mbuzi kwa upendo kiasi hicho.

Bi Picha alirudi tukiwa tunafunga. Mama wa jengo la wazazi ni mzima, mtoto mzima. Nilimwonyesha picha nilizohifadhi. Akazitazama muda mrefu, kisha akalitaja jina la kitu chenyewe, jina refu ambalo nililisoma zamani na kulisahau.

“Ulilijua?” akaniuliza.

“Hapana.”

“Vizuri,” akasema.

Maji ya beseni yamepoa.

Tarehe 24 Aprili

Fundi ameamka. Amekunja vidole vya mkono wa kulia, kimoja kimoja. Nimelala mchana kama gogo.

Tarehe 30 Aprili

Wamewaweka vitanda viwili karibu. Kosa kubwa. Wagonjwa wengine wanalalamika.

“Ini langu likikusumbua uniambie,” mwoka mikate anasema. “Nitalikanya.”

“Linaamka alfajiri,” fundi anajibu. “Linataka kuoka.”

“Na ndivyo unavyonishukuru?”

Fundi alinyoosha mkono kuvuka nafasi kati ya vitanda, akauacha pale hewani. Haukutetemeka. Mwoka mikate aliutazama, akaushika kwa mikono yake yote miwili.

Nilijifanya nasoma dripu.

Tarehe 6 Mei

Redio ameomba Bi Picha amfundishe kusoma skrini. Amepewa kiti changu kifupi. Amekosea kushoto na kulia. Nimempitia mlangoni makusudi zaidi ya mara moja.

Tarehe 14 Mei

Mvua inakwisha, leo imenyesha ya kujikumbusha tu. Fundi ameruhusiwa kwenda nyumbani. Shemeji yake, aliyetoka kabla yake, amekuja kumchukua kwa gari la mikate. Mkewe alinitafuta kwenye korido, begi mkononi.

“Daktari, nimeambiwa kuna muda hakuwa na ini kabisa.”

“Kuna, dada.”

“Na wewe ulikuwa unautazama moyo wake.”

“Muda wote.”

“Ulifanya nini?”

Nilikuwa na maelezo mengi ya kitaalamu. “Ulipiga,” nikasema. “Ulipiga tu, ukasubiri.”

Aliweka begi chini. Akalinyanyua tena.

“Na ukoje? Maana mimi sijawahi kuuona.”

Nikafikiri kidogo, kisha nikamwambia nilichokiona. “Ni mzuri. Una nguvu. Lakini ukiharakishwa unajikaza hadi unajifungia mlango wenyewe. Ukiachwa ujae, unafanya kazi yake vizuri.”

Alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyesafiri mbali kumletea habari za kijiji cha jirani.

“Huyo ndiye mume wangu,” akasema. “Ungeniuliza mimi, msingemmezesha mpira.”

Nje, gari la mikate likapiga honi. Likapiga tena. Fundi alikuwa anashuka ngazi polepole, mkono kwenye chuma, akisimama kila hatua kutazama lami iliyolowa kama mtu aliyeikuta imebadilishwa. Honi ikalia mara ya tatu. Mkewe alinishika mkono haraka, akaukaza, kisha akakimbilia mlangoni, begi likimgonga mguu, na nilimsikia hadi mwisho wa korido:

“We! Acha hiyo honi! Daktari amesema asiharakishwe!”